Treni ya Mafuta ya Saa Nne na Robo

Harrier ya rangi ya fedha ilichomoka katikati ya malori pale Mpemba kama panya aliyefukizwa moshi.

Nyuma yake, mita mia mbili, ilikuja pikipiki. Boxer nyekundu.

Aliyeiendesha alikuwa mwanamke. Koti zito, kofia ngumu, gunia la maharage limefungwa nyuma kwa mpira ili aonekane mchuuzi kama wachuuzi wengine wa Tunduma. Ndani ya koti, bastola Glock 19. Sikioni, kipokezi kidogo kama punje ya mtama.

Jina lake Gwantwa Mbonile. Katika idara ya usalama walimwita Nyigu.

"Nyigu, hapa Mlima. Unamwona?"

"Namwona."

"Usimuue. Nautaka mdomo wake mzima."

"Nimekupata."

Mlima ndiye Ambwene, mkuu wake, mtu aliyefanyia kazi Vwawa katika chumba kisicho na kibao mlangoni. Asubuhi ile alikuwa amemtumia ujumbe mmoja tu: *Ndege wameingia shambani. Wafukuzwe kabla ya saa nne na nusu.*

Saa nne na nusu kulikuwa na mkutano. Mji mzima ulikuwa unausubiri.

Reli inapita katikati ya Tunduma, na kwa miaka miwili watu walikuwa wakibishana juu yake. Wapo waliotaka ing'olewe, ipelekwe nje ya mji, pale ilipo pajengwe soko na barabara. Walisema inaua watoto, na kila treni ikipita malori yanasimama hadi mpakani. Wapo waliosema reli ndiyo iliyouzaa mji, na mtoto hamfukuzi mama yake nyumbani. Siku hiyo wangesema mbele ya kamati, kisha wangenyoosha mikono.

Lakini alikuwepo mtu wa tatu asiyetaka kusubiri mikono ya watu. Mgeni mmoja aitwaye Rourke, aliyejiita mshauri wa mipango miji. Kampuni yake, Lango Kuu, ilikitaka kile kipande cha ardhi kinachokwenda moja kwa moja hadi mpakani. Soko halikuwa na maana kwake. Alitaka maghala yenye mlango upande huu na mlango upande wa pili, dhahabu ya machimbo ivuke bila kuonwa na afisa yeyote.

Idara ilijua hivyo. Haikujua angefanya nini siku hiyo.

Aliyejua alikuwa ndani ya Harrier.

Gwantwa alikata kushoto, akapita kati ya malori mawili yaliyopishana kwa upana wa mkono, akatokea mbele. Akafunga breki. Harrier ikayumba, ikaparamia rundo la mchanga, ikazima.

Alipofungua mlango, mdomo wa Glock ulitangulia.

"Mikono kwenye usukani, Watson."

Watson alikuwa Mzambia wa Nakonde, mfanya magendo mwenye viatu vya kung'aa na tabasamu la kuuzia watu. Tabasamu halikuwepo.

"Mukwai," akabembeleza kwa neno la heshima la kwao, "tuongee..."

"Ongea."

Akatazama saa yake, Casio ya dhahabu. Hapo ndipo Gwantwa aliposhtuka. Mtu aliyekamatwa hutazama bunduki. Huyu alitazama saa.

"Nini kinatokea saa ngapi?"

"Saa nne na robo," Watson akanong'ona. "Treni ya mafuta. Mabehewa kumi na manne. Kwenye kivuko cha sokoni boliti hazipo."

Kivuko cha sokoni. Mahali reli inapokata barabara, katikati ya wauza nyanya, mitumba na petroli ya kwenye madumu.

"Rourke anasema, mji ukiungua leo, nani atasimama kuitetea reli? Mimi nilikuwa naondoka, mukwai. Sikutaka kuona."

"Nani amezifungua?"

"Mzee mmoja fundi wa reli, mstaafu. Tulimdanganya. Tulimwambia kitapita kitoroli kitupu, kianguke, watu waogope basi. Mkewe aligongwa hapo, kwa hiyo hakukataa."

Gwantwa hakuuliza jina. Alilijua.

"Mbonile," Watson akasema. "Mzee Ambakisye Mbonile."

Saa tatu na dakika hamsini na tisa.

Alimfunga pingu kwenye usukani, akawasha Boxer.

"Mlima, treni ya mafuta. Wameilegeza reli kivuko cha sokoni. Isimamisheni."

Sauti ya Ambwene ikaja, imepungua.

"Imeshapita Vwawa. Dereva hajibu redio wala simu. Kuna kifaa kinaziba mawimbi njia nzima."

"Basi ondoeni watu sokoni. Na Rourke akamatwe ukumbini."

"Na wewe?"

"Naenda kwa fundi."

"Unamjua?"

"Ni baba yangu."

Alimkuta ameketi kwenye kibaraza cha nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa reli, hatua hamsini kutoka kivukoni. Kanzu nyeupe ya Jumapili siku ya Jumatano. Mikono imelala magotini. Mbele yake, askari wawili na Alinanuswe, kijana wa idara, walikuwa wanapuliza filimbi wakiwafukuza wauza nyanya, na wauza nyanya walikuwa wanakataa kuziacha nyanya.

"Shikamoo, tata."

Mzee alimtazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Marahaba. Umetoka lini Dar?"

"Tata, ni treni ya mafuta."

"Nini?"

"Inayokuja. Si kitoroli. Mabehewa kumi na manne ya mafuta. Wamekudanganya."

Hakusema "nani." Hakusema "haiwezekani." Alikuwa amefanya kazi njiani miaka thelathini na moja, alijua ratiba kuliko alivyojua zaburi, na sasa Gwantwa alimwona akihesabu moyoni, akaona hesabu ilivyomfikia usoni. Mzee akageuka kulitazama soko. Palepale mama yake Gwantwa, Tabita, alipogongwa na treni, ndoo yake ya maharage ikiwa kichwani, honi ikiwa imezimwa na kelele za malori.

"Eeh Bwana," akasema. "Nilitaka waiondoe. Basi. Nilitaka waiondoe tu."

"Zinaweza kurudishwa?"

"Boliti nimezitupa chooni." Aliinuka, goti likalia. "Treni ya uzito ule haisimami chini ya kilomita. Inabidi ionywe kule, kwenye kona ya mikaratusi."

Aliingia ndani. Akatoka na bendera nyekundu iliyokunjwa na kopo la kahawa. Ndani ya kopo, vidonge vitatu vya baruti vyenye mabawa ya bati, vile vinavyofungwa juu ya chuma ili gurudumu likivikanyaga vilipuke, dereva ajue mbele kuna kifo.

"Bado vinafanya kazi?"

"Mungu ndiye anajua."

Akapanda nyuma ya Boxer, akamshika mwanawe kiunoni. Mara ya mwisho walikuwa wamekaa karibu hivyo Gwantwa akiwa na miaka tisa, yeye akiwa nyuma.

Saa nne na dakika sita.

Walipita kwenye njia ya miguu kando ya reli, kokoto zikiruka. Kona ilionekana. Mikaratusi ilionekana. Mita mia nne.

*Tu!*

Tairi la mbele lilipasuka. Pikipiki ikalala, ikawaburuza wote wawili hadi mtaroni.

Gwantwa alikuwa ameshaitoa Glock kabla hajaacha kuburuzika. Juu, kwenye mikaratusi, kitu kiliakisi jua. Darubini ya bunduki. Rourke alikuwa ameweka mlinzi ili treni isiguswe na mtu.

"Tata, lala chini!"

Lakini mzee alikuwa anatazama reli. Chuma kilikuwa kimeanza kuimba, ile sauti nyembamba inayotangulia treni.

"Dakika nne," akasema. "Wewe una bunduki. Mshughulikie huyo."

"Tata, atakupiga."

"Mama." Alimwita hivyo, kama baba wa milimani amwitavyo binti yake. "Hii kazi ni yangu. Niliianza mimi."

Akapanda tutani. Akaanza kukimbia.

Alikuwa na miaka sitini na tisa na goti bovu. Barabarani alichechemea. Lakini juu ya mataruma ya reli miguu yake ilikumbuka. Kila hatua iliangukia mahali pake, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake gizani. Bendera ilipepea mkononi.

Gwantwa alipiga risasi mbili kuelekea kwenye mng'ao, akakimbia kuzunguka kilima.

*Tu!*

Kokoto zikaruka miguuni pa mzee. Hakugeuka.

*Tu!*

Safari hii aliyumba. Akashika ubavu. Gwantwa aliona, na hakuna mafunzo yaliyomwandaa kwa hilo. Alipaswa kuendelea kupanda. Aliendelea kupanda.

Mzee naye aliendelea.

Mtu wa bunduki alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye kitako cha Remington, anavuta pumzi ya risasi ya nne. Hakuvuta nyingine. Glock ililia mara mbili.

Kando yake kulikuwa na kisanduku cheusi chenye antena nne. Gwantwa alikipiga risasi moja. Sikioni, sauti zikafurika zote kwa mpigo.

"...Nyigu! Nyigu, jibu!"

Alikuwa ameshaanza kutelemka.

Chini, mzee alikuwa amepiga magoti relini. Akafunga kidonge cha kwanza, akakunja mabawa ya bati. Akatambaa, akafunga cha pili. Kichwa cha treni kilitokea kwenye kona, kirefu, kizito, honi ikipasua anga. Cha tatu alikifunga kwa mkono mmoja. Kisha akajiviringisha, akaangukia kokotoni.

*Pa!*

*Pa!*

Kidonge cha tatu hakikulia. Viwili vilitosha.

Breki zililia kilomita nzima. Cheche zilimwagika chini ya magurudumu. Mabehewa kumi na manne yaligongana moja baada ya jingine, yakasukumana, yakapita kando ya Gwantwa polepole, polepole zaidi, hadi mjini.

Sauti ya Alinanuswe ikaja redioni. "Imesimama. Hatua arobaini kutoka kivukoni. Imesimama, dada."

Gwantwa alikuwa amempakata baba yake. Damu ilikuwa imelowesha kanzu yote ubavuni. Alijaribu kuifunga kwa bendera, ikapita.

"Imesimama?"

"Imesimama, tata."

"Watu?"

"Wote wazima."

Mzee akafumba macho, akayafumbua.

"Uliniambia unauza bima."

"Ndiyo."

"Sikuamini hata siku moja. Hujui kusema uongo. Mama yako aliniambia, mwache, akitaka atasema." Alikohoa. "Hukuja kumzika."

Angeweza kumwambia kwamba siku ile alikuwa nchi nyingine, kwa jina lingine, na kwamba habari ilimfikia wiki ya tatu. Alisema tu, "Nisamehe, tata."

"Na mimi." Mkono wake uliutafuta wa mwanawe, ukaupata. "Nilikuwa na hasira, mama. Hasira haina macho."

Kisha mkono ule ukalegea ndani ya mkono wa Gwantwa.

Upepo ulipita kwenye mikaratusi. Dereva wa treni alikuja akikimbia kandokando ya mabehewa, kofia mkononi, akasimama mbali kidogo alipowaona. Akapiga magoti palepale.

Ukumbini, Rourke alikuwa ameketi mstari wa mbele na kadi ya mgeni mwalikwa shingoni. Alisikia honi. Alisikia breki. Alisubiri mlipuko, ukachelewa. Alipogeuka kutazama mlango, kijana mtanashati aliyeketi nyuma yake aliinama kistaarabu.

"Mzee, gari lako limezuia njia. Tutoke kidogo."

Kitu kigumu kilimgusa mbavuni. Walitoka wakiwa wameshikana mikono kama marafiki. Mkono mmoja ulikuwa na pingu.

Mkutano ulianza umechelewa robo saa.

Gwantwa alisimama ukutani, nyuma kabisa. Alikuwa ameosha mikono bombani na kulifunga koti hadi shingoni. Hakutumwa kuwepo. Alitaka kusikia.

Walibishana haswa. Mama mmoja mkubwa, Ikupa, muuza maharage, alisimama akasema, "Mimi reli imenisomeshea watoto. Lakini imenizikia rafiki. Sasa niipende au niichukie? Ipelekeni huko nje ya mji, iendelee kulisha watu bila kuwaua. Na ardhi ibaki yetu. Asipewe tajiri yeyote." Wakampigia makofi. Mzee mwingine akapinga, akasema mji usio na treni ni kama nyumba isiyo na moshi. Naye wakampigia makofi.

Kisha wakanyoosha mikono.

Mikono mingi ilitaka reli ihamishwe. Taratibu, kwa mpango, ardhi ibaki ya umma.

Gwantwa aliitazama ile mikono. Alichokitaka baba yake kilikuwa kinakuja chenyewe, kwa miguu yake, saa nne na nusu. Kilikuwa kimebakiza robo saa tu kufika.

Akatoka.

Nje, simu iliita. Ambwene.

"Pole, Gwantwa." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Gari limeshamchukua mzee. Linakusubiri ukitaka."

"Asante, mkuu."

"Lipo jambo la ripoti. Juu wanauliza. Naweza kuandika alikuwa mstaafu aliyeona hatari akaisimamisha treni. Lile la boliti tunalijua mimi na wewe na Watson, na Watson atasema ninachomwambia aseme. Au naandika alikuwa mhalifu wao. Chagua moja, nami nitaweka saini."

Treni ilikuwa bado imesimama, inapumua. Mafundi wanne walikuwa wameinama kivukoni, wanafunga boliti mpya. Wauza nyanya walikuwa wamerudi, wanaokota zilizokanyagwa, wanatukana askari.

"Andika yote mawili, mkuu," Gwantwa akasema.

"Yote mawili?"

"Alizifungua boliti. Akaisimamisha treni. Kwa mpangilio huo."

Akakata simu. Akapandisha kola ya koti, akasubiri lori moja lipite, kisha akavuka reli bila kuharakisha.