Mchanga Uliotoka Kilambo

Aliyekaa karibu na mlango aurudishie, maana kisa hiki sipendi kukisimulia mgongo wangu ukiwa wazi.

Nyasi za ukumbi wa Mama Gladness, pale Rahaleo, si nyasi. Ni kapeti. Mwaka mzima kijani kibichi, hazijui kiangazi wala masika. Mbuzi wa jirani aliwahi kuingia akang'ata, akatema, akaondoka zake na hasira. Maharusi wanazipigia picha wanajiona wamefika Ulaya. Lakini msidhani kitu cha bandia hakina matunzo. Zile nyasi zinasimama kwa mchanga. Fundi aliyezitandika aliumimina katikati ya nyuzi zake, kiroba baada ya kiroba, ukashuka mpaka chini ukazishika zisilale. Mchanga ukipungua, nyasi zinalala kifudifudi. Na unapungua, kwa sababu viatu vya wacheza muziki vinautimua na mvua inaukokota. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kujazia.

Mtu huyo alikuwa Halima.

Jioni hiyo alifika kama siku zote, na bakuli la plastiki na fagio gumu. Ukumbi ulikuwa mtupu. Jumamosi kungekuwa na harusi, na jukwaa lilishafungwa vitambaa. Halima alifungua kiroba cha mwisho cha mchanga alioleta mumewe, Jafari, kwa kirikuu chake wiki tatu zilizopita. Mchanga mzuri ajabu. Fundi alikwisha kuonya: wa baharini hapana, una chumvi na vipande vya makombe vya kuchoma nyayo, uwe wa mtoni, laini, mkavu. Jafari akasema ameupata kwenye Ruvuma, upande wa Kilambo. Halima kwao ni huko huko, kijiji cha mbele kidogo. Alipoushika akaona umefanana na mchanga wa kwao, akafurahi. Mjinga, maskini, akafurahi.

Akachota, akanyunyiza, akafagia kinyume cha nyasi zinavyolalia.

Shaa... shaa... shaa...

Mbele ya jukwaa fagio likasita.

Palikuwa na kifungu cha mchanga. Kidogo, cha mviringo, kimesimama vizuri juu ya nyasi, kama ugali uliogeuzwa kutoka kwenye bakuli. Si mara ya kwanza. Ilikuwa jioni ya tano anakikuta. Ya kwanza alidhani watoto wa jirani, lakini geti lina kufuli na ufunguo anao yeye. Ya pili akasema huu ni ulozi, kuna mtu anamwonea gere Mama Gladness, na akakifagia huku akisoma Ayatul Kursiy. Hakuwahi kuinama akitazame.

Leo aliinama.

Juu ya kile kifungu, katikati kabisa, palikuwa na kinundu, saizi ya punje ya kunde.

Akakaa chini pale pale, fagio mkononi. Halafu ikamjia harufu... nyepesi, baridi, ya sandukuni. Karafuu maiti.

Sasa nisikilizeni, maana hapa bila kuelewa mtaniona mwongo. Halima alikuwa na mtoto mmoja, Nuru. Alifariki na miaka minne, kwa homa ya siku mbili, wakiwa kijijini kwao. Nuru mchezo wake ulikuwa mmoja: kupika mchanga. Alikuwa na kikombe cha bati cha bluu. Anajaza mchanga wenye unyevu, anakipindua, anakigonga kitakoni, ko, ko, ko, anakinyanyua. "Mama, kula." Halima anachota kidogo, anapeleka mdomoni, "mnyam, mnyam, mtamu!" na mtoto akigeuka tu anautupa nyuma ya bega. Nuru hakugundua hata siku moja. Baba naye alikuwa anapakuliwa. Jafari hakunyanyua hata macho. "Niondolee michanga yako hapa." Basi.

Siku mtoto anazikwa, Jafari alikuwa ng'ambo, Msumbiji, simu imezimwa. Alifika siku ya tatu, watu wanakunja mikeka. Makaburini hakwenda, alisema hawezi. Mwaka wa pili huu, bado hawezi. Arobaini ilipofika, Halima alikipeleka kikombe mwenyewe akakiweka juu ya kaburi, kama wafanyavyo kule: chombo cha marehemu kinabaki naye. Na kinatobolewa kitakoni ili mwizi asikitamani. Alikitoboa kwa msumari, kwa mkono wake, huku analia.

Kikombe kilichotobolewa kitako, ukikijaza mchanga na kukipindua, juu kinaacha kinundu.

Akampigia dada yake mkubwa, Tatu, anayekaa kijijini.

"Dada, nakuomba. Nenda makaburini sasa hivi."

"Sasa hivi? Jua linazama hivi? Una nini wewe?"

"Nenda, dada. Usiniulize."

Tatu ni mtu wa maneno mengi, lakini sauti ya mdogo wake ilimnyamazisha. Simu haikukatwa. Halima akasikia kandambili zake njiani, majani yakisuguana na kanga, vyura. Kisha kandambili zikasimama.

"Halima..." Tatu alinong'ona. "Pamechimbwa."

"Wapi?"

"Kwa watoto, huku ukingoni mwa mto. Kuna alama za matairi. Tangu mvua zianze hakuna aliyefika huku, njia yetu ya miguu ilikuwa maji matupu... Yalaa, nani kafanya hivi?"

"Na la Nuru?"

Kandambili zikapiga hatua mbili, zikasimama tena.

"Dada, la Nuru?"

"Ni shimo, ndugu yangu. Nchanga wote umeondoka."

"Na kikombe?"

"Hakuna kikombe."

Honi ikalia nje. Jafari amekuja kumchukua mkewe.

Aliingia anapiga mluzi, ufunguo wa gari unazunguka kidoleni. Kijana mtanashati bado, sikatai. Akamkuta Halima amekaa chini mbele ya jukwaa.

"Vipi, umechoka? Nyanyuka twende."

"Baba Nuru," Halima akamwita. Jina hilo lilikuwa halijatamkwa nyumbani mwao tangu msiba, na mluzi ukakatika. "Huu mchanga uliuchimba wapi?"

"Si nilikwambia? Kilambo."

"Kilambo wapi?"

Jafari akatazama geti. Akatazama viatu vyake.

"Halima, njia ya machimboni ilikuwa imekatika. Mama Gladness anataka mchanga, anapiga simu kila saa. Pale ukingoni mto unakula, mwezi ujao pote pale panakwenda na maji. Ungepotea bure tu. Mchanga ni mchanga."

"Ulijua ni makaburini."

"Nilichukua wa juu juu. Na la mtoto wetu nililikwepa, haki ya Mungu."

"Ulilijuaje?"

"Nini?"

"Hujawahi kufika pale. Ulilijuaje la mwanao ukalikwepa?"

"Si lile... lile lenye mti."

"Halina mti."

"Lenye jiwe, basi."

Miaka miwili Halima alikuwa akijidanganya kwamba mwanamume huyu anaumia kimyakimya, kwamba wengine ndivyo wanavyolia. Sasa hasira ilimpanda kifuani mpaka akashindwa kuimeza.

"Lina kikombe," alisema. "Cha bluu."

Jafari akasema, taratibu, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe:

"Kilikuwa kimetoboka... Nilidhani takataka. Nikakitumia kuchotea ule wa mwisho mwisho, koleo lilikuwa haliingii shimoni. Nikakitupa mtoni."

Msikiti wa jirani ukaadhini. Adhana ikaisha.

Ko.

Wote wawili wakageuka.

Ko. Ko.

Hapakuwa na mtu. Lakini nyasi zile, zilizosimama kwa fagio la Halima muda si mrefu, zilianza kulala. Pale karibu na jukwaa. Kisha hatua moja mbele. Kisha nyingine. Alama ndogo ndogo, za nyayo zisizojaza kiganja. Zilipita pembeni ya Halima, karibu kabisa, na harufu ya karafuu maiti ikamfunika uso. Zikaenda kusimama mbele ya Jafari.

Ko. Ko. Ko.

Miguuni pake pakawa na kifungu cha mchanga, chenye kinundu juu.

"Baba... kula."

Jafari akapiga teke. Mchanga ukatawanyika. Akarudi nyuma, na kisigino chake kikagonga kifungu kingine, kizima, kimeshapakuliwa.

"Niondo..." alianza. Akapiga magoti. Akachota kwa vidole vitatu, akatia mdomoni, akatafuna. Halima alisikia kabisa meno yakisaga. Akachota tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mkono haukusimama mpaka nyasi zikabaki tupu.

"Anasema nisibakize," alinong'ona. "Halima, nishike mkono. Niambie niache."

Halima hakumshika. Nilaumuni mkitaka, mimi ninasema kilichokuwa.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Gladness akamweleza, akamlilia: kapeti lifunuliwe, mchanga urudishwe kwa wenyewe. Mama Gladness alisali, akafuta machozi, alikuwa mama naye. Kisha akasema:

"Chini kulikuwa na mchanga wa fundi, juu ukamwaga huu. Umeufagia wiki tatu mwenyewe. Mwanangu, utautenganishaje?"

Na Jumamosi wakaja watu mia tatu, wakacheza juu yake mpaka asubuhi.

Tangu hapo, kila magharibi, Jafari anakwenda mwenyewe. Hapigi honi. Anakaa mbele ya jukwaa anasubiri. Amekonda, shati limemwachia mabega. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha, daktari akasema tumbo ni safi, halina hata punje. Akamwandikia vidonge vya minyoo.

Kama halina punje, basi mchanga unakwenda wapi?

Tatu ndiye aliyepiga simu, mwezi ulipokwisha.

"Halima, lile shimo linajaa."

"Mmejaza nyie?"

"Nani ajaze? Unajua huku kwetu kaburi halitiwi mchanga wa kwengine, uliotoka ndio unaorudi. Wazee wamekataa hata kuligusa. Linajaa lenyewe. Kidogo kidogo. Kila asubuhi ni kama mtu kamimina kikombe kimoja."

Halima alipiga hesabu ya viroba alivyomwaga, na ya kikombe kimoja kwa siku. Hapo kuna miaka, na Jafari alivyokonda hana miaka hiyo.

Jioni ile akaenda naye. Wakakaa bega kwa bega mbele ya jukwaa. Adhana ikaisha.

Ko. Ko. Ko.

Jafari akapakuliwa chake. Akainama, akaanza.

Halafu nyasi zikalala mbele ya magoti ya Halima. Yeye alikwisha kujua kwamba siku hiyo itafika. Mchanga ule si yeye aliyeuchimba, lakini nani aliufagia? Nani aliukanyaga wiki tatu, akaunyunyizia maji utulie, akamsomea mwanawe Ayatul Kursiy ili aondoke?

Ko. Ko. Ko.

"Mama... kula."

Sauti yenyewe. Ile ile, yenye mafua kidogo. Halima alitamani kuishika, na alitaka kukimbia. Akachota kidogo kwa ncha za vidole, akapeleka mdomoni, akachezesha midomo.

"Mnyam," alisema. "Mnyam... mtamu, mama."

Nyayo kwenye nyasi zikageukia upande wa Jafari. Haraka, kwa mazoea ya zamani, mkono wa Halima ukautupa mchanga nyuma ya bega.

Hakusikia ukianguka.

Pumzi ndogo, ya baridi, ikamgusa shingoni, nyuma, pale pale alipoutupia.

"Mama... nimekuona."

Halima akafumba macho, akachota tena, akala.