Kituo Kati ya Usoke na Urambo

Siku Anselm alipoomba aletewe chai vikombe viwili, Marcelina alidhani kimoja ni chake.

Alinawa uso, akavua kanga ya jikoni akafunga ile ya maua, akachemsha maji upya na kutia tangawizi kama mumewe anavyopenda. Zilikuwa saa zile za baada ya chakula cha mchana, mtaa mzima wa Cheyo, Tabora, umejilaza, hata majogoo yamenyamaza. Alivuka ua na sinia mikononi, akagonga mlango wa chumba cha nyuma kwa ncha ya kiatu. Anselm alifungua kidogo tu, akapokea sinia, akasema, "Asante, Mama Adriano," kisha akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

Marcelina akabaki amesimama juani na tangawizi yake inanukia vidoleni.

Alikuwa ameishi na mke mwenza tangu aolewe, na mke mwenza huyo alikuwa reli. Anselm alikuwa dereva wa treni, leo Kaliua, kesho Mpanda, keshokutwa Kigoma, na nyumbani akifika kama mgeni: anaoga, anakula, analala, anaondoka. Marcelina alijifariji kwa neno moja tu, kustaafu. Kweli alistaafu. Akakaa sebuleni wiki chache akitazama mpira. Kisha ujenzi wa reli mpya ya kisasa ukafika upande wao, na siku moja akarudi kutoka kuutazama akiwa mnyonge. "Watoto wa sasa hawataijua reli yetu," alisema. Kesho yake akafagia chumba cha nyuma, ambacho mpangaji alikuwa amehama, akaingiza mbao.

Alijenga meza pana iliyozunguka kuta zote nne, na juu yake akaanza kuitandaza reli ya zamani, ndogo, kutoka Igalula mpaka Kaliua. Mataruma yalikuwa njiti za mianzi, reli zenyewe waya wa shaba. Vituo alivikata kwa maboksi akavipaka rangi. Mabehewa yalikuwa mabati ya makopo, na kichwa cha treni kilikuwa na mota aliyoing'oa kwenye redio ya kaseti. Miombo aliitengeneza kwa vijiti na nyuzi za katani, akaitundika mizinga ya nyuki midogo kama punje za maharage. Ilikuwa kazi nzuri, hata Marcelina alijua. Ndiyo maana ilimuuma.

"Nimekungoja miaka yote hiyo," alimwambia siku moja. "Sasa umestaafu, reli umeihamishia ndani."

Anselm alicheka, akadhani ni utani.

Udongo aliutaka wa kweli. Alipanda bodaboda na rafiki yake Nestory, aliyekuwa mkuu wa kituo zamani, wakazunguka kila stesheni kuchota mchanga kwenye makopo. Katika safari ya mwisho, porini kati ya Usoke na Urambo, walifika pale njia ya zamani ya wapagazi inapokata reli. Palikuwa na lundo la mawe. Nestory alimweleza kwamba ni kaburi. Mpagazi akifia njiani, kila aliyepita alimwekea jiwe. Anselm alilitazama jiwe la juu kabisa, jekundu, lenye mgongo kama kilima, akaona ndilo hasa analolihitaji mezani.

"Liache," Nestory alisema.

"Jiwe moja tu, bwana," Anselm akajibu, akalitia begini.

Wiki iliyofuata ndipo akaomba vikombe viwili.

Marcelina alipokwenda kuchukua sinia, vikombe vyote vilikuwa vitupu. Ukingoni mwa kimoja palikuwa na tope, alama ya mdomo wa chini wa mtu. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Alikiosha kikombe kile mara mbili, na alipokuwa akikiosha alijiuliza swali ambalo mwanamke yeyote angejiuliza: ni nani huyo anayeingia kwangu mchana kweupe?

Akaanza kuvizia. Akimaliza kuosha vyombo alichukua mchele wa kuchagua, akakaa chini ya dirisha la chumba cha nyuma. Kwanza alisikia mota ndogo ikinguruma, kama nyuki chupani. Halafu ikanyamaza, na katika ukimya ule ikapenya harufu, harufu ya vumbi lililonyeshewa na mafuta ya nyonyo yaliyokaa siku nyingi kwenye nywele. Kisha njuga. Zililia polepole, hatua moja, kimya, hatua nyingine, kama mtu mwenye vidonda miguuni anayeizunguka meza.

"Taratibu," alisema Anselm ndani. "Usijikwae."

Akacheka. Marcelina alikifahamu kicheko kile. Alikuwa amechekewa hivyo alipokuwa msichana, kabla ya posa, na hakuwahi kukisikia tena.

Aliusukuma mlango kwa bega. Ndani alikuwamo Anselm peke yake, ameinama mezani. Treni ilikuwa imesimama kando ya lile jiwe jekundu, na hapo pembeni Anselm alikuwa amejenga jukwaa la njiti na benchi dogo.

"Hapa hakuna kituo," Marcelina alisema. Sauti ilimtetemeka kwa hasira, wala si kwa hofu bado. "Mimi ni mke wa dereva. Kati ya Usoke na Urambo, hapa hapana kituo."

"Alikuwa anangoja," Anselm akajibu kwa upole. "Hakuna aliyewahi kumsimamia."

"Nani?"

Anselm alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya wageni.

Tangu siku ile, vitu vya Marcelina vikaanza kuharibika. Chakula alichompikia mumewe kilichacha kabla hakijapoa. Nywele zilimtoka na misuko yake, akaziokota kwenye mto wa kulalia. Kitenge cha harusi ya mdogo wake alikikuta kabatini kimekunjwa vizuri, kimejaa udongo mbichi. Padre wa parokia alikuja, akasali na kunyunyiza maji ya baraka, na nyumba ikatulia siku chache. Marcelina akathubutu kuketi karibu na mumewe kibarazani, akamshika mkono. Kesho yake mkono ule ulimvimba mpaka kiwiko.

Siku hiyohiyo mchana alimpelekea Anselm chakula kwa mkono ule mwingine. Kabla hajagonga, sauti ya mwanamke ilisema nyuma ya mlango, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi kwa Kinyamwezi, wakati jua liko utosini, na mlango ukafunguka, na aliyesimama pale alikuwa Anselm, macho yake makavu, nywele zake zinang'aa mafuta ya nyonyo, akamtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba, na nyuma yake njuga zikawa zinakuja, zikipita upande wa Igalula, zikipita Tabora, zikipita Usoke, zikaja kusimama begani mwake ambapo hapakuwa na mtu, ila shati lake lilibonyea pale begani kana kwamba limewekewa kidevu.

"Habari za mchana, dada," Anselm alisema. "Mwenye nyumba amepumzika. Nimwambie nani amekuja?"

Sahani ikamponyoka Marcelina.

Hakurudi ndani kuchukua hata viatu. Alikwenda mpaka sokoni, kwenye duka la Bi Ruaa, mwanamke wa ukoo wa Waarabu wa pale mjini, aliyeuza udi, marashi na hina. Watu walijua kwamba bibi yake alikuwa akitoa majini, na kwamba yeye mwenyewe aliifanya kazi hiyo kwa shingo upande. Bi Ruaa alifunga nusu ya mlango, akamkalisha juu ya gunia, akamsikiliza mpaka mwisho huku simu yake ikiita bila kupokelewa.

"Jiwe limetoka kwenye lundo?" aliuliza.

"Kaburi la mpagazi, Nestory ndivyo alivyosema."

"La mwanamke." Bi Ruaa alishusha sauti. "Misafara ilikuwa na wanawake pia, Mama Adriano. Huyo aliugua, wakamwacha. Mume wake akaondoka na msafara, na katika msafara ule alikuwamo mwanamke mwingine. Bibi yangu alipajua pale, hakupita. Jini humkaribia mtu anayekufa peke yake, hukaa naye, hujifunza kwake. Wengine hujifunza njaa. Aliyekaa na mwanamke huyo alijifunza wivu."

"Anamtaka mume wangu?"

"Angekuwa anatafuta mume ningemfukiza udi akaenda zake. Huyu anatafuta mume wa mtu. Kadiri unavyomng'ang'ania Anselm, ndivyo anavyomwona wa thamani. Ulipomshika mkono, alikuona."

Marcelina aliutazama mkono wake. "Nifanye nini?"

"Jiwe litarudi, hilo nitalisimamia. Lakini jiwe likirudi na yeye akabaki na tamaa, atarudi kwa miguu. Umwache mumeo. Mbele yake. Asikie kwamba mtu huyo hana anayemtaka."

"Atajua ni uongo."

"Basi usiseme uongo," alisema Bi Ruaa. "Umekaa naye ujana wako wote. Huna kweli za kumwambia?"

Waliingia chumba cha nyuma pamoja, na Nestory, waliyempitia njiani, akabaki uani na begi. Bi Ruaa aliweka chetezo mlangoni, akatia ubani na kuanza kusoma kwa sauti ya chini. Anselm alikuwa amekaa sakafuni karibu na jiwe, amelaza kichwa pembeni, kama kimeegemea paja la mtu. Harufu ya vumbi lililolowa ilikuwa nzito mpaka Marcelina aliihisi juu ya ulimi wake. Njuga zikatikisika mara moja, kwa onyo.

"Anselm," alisema. "Nimekuja kukuaga."

Hakugeuka. Alikuwa amejiandaa kusema mambo madogo madogo, ulevi wa siku za mshahara, ukali wake kwa watoto. Lakini lililotoka lilikuwa lingine.

"Adriano alipougua ulikuwa Kaliua. Walikupigia simu ya stesheni, wakakuambia mtoto yuko hoi. Ukapeleka treni Mpanda. Ukasema abiria wanangoja. Nilimfunga mwanangu sanda nikiwa peke yangu, nikisikia honi za treni za watu wengine."

Anselm alitikisika.

"Watu wananiita Mama Adriano mpaka leo, na kila wakiniita nakumbuka wewe hukuwepo. Nilikuwa nikisikia honi yako najipaka mafuta, navaa vizuri, halafu nalala nimegeukia ukutani. Kuna miaka niliomba treni ianguke. Niliomba kanisani, Anselm, nimepiga magoti." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti ilizidi kukauka. "Nimechoka kukungoja. Sikutaki. Anayekutaka akuchukue, atajua mwenyewe alichookota."

Bi Ruaa aliacha kusoma. Kisha njuga zikaanza, polepole, zikamzunguka Marcelina, na kitu kikamnusa shingoni, pumzi baridi yenye udongo, kikinusa kama mnunuzi anavyonusa samaki, kikitafuta kama kumebaki chochote. Marcelina alisimama akiutafuta moyoni mwake upendo wowote ili aufiche, na kilichomtisha kuliko jini lile ni kwamba kwa wakati ule hakuuona.

Njuga zikaenda mlangoni, zikavuka chetezo, zikafifia uani.

Anselm aliinua kichwa. "Mama Adriano," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mbona unalia?"

Nestory na Bi Ruaa walilirudisha jiwe siku ileile. Anselm aliivunja meza kwa mikono yake, ubao baada ya ubao, asitake msaada. Bi Ruaa, kabla ya kuondoka, alimvuta Marcelina pembeni.

"Atapitapita kusikiliza. Msibembelezane. Akiwakuta mnapendana, safari hii hataishia kukuvimbisha mkono tu."

"Mpaka lini?"

"Hilo sikuambiwa."

Kwa hiyo wakawa watu wa kugombana. Marcelina alimfokea kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya maji, kwa sababu ya kukohoa. Anselm naye, aliyekuwa ameelezwa yote, alijibu kwa sauti ya kusikika barabarani. Majirani waliwahurumia: wazee wale, baada ya ndoa ndefu hivyo! Nywele za Marcelina zikaota tena. Chakula kikakaa bila kuchacha. Harufu haikurudi, wala njuga.

Zilipita mvua za masika. Jioni moja, kabla jua halijazama, walikuwa uani wanamenya viazi vitamu vya kuchemsha. Marcelina amekaa kwenye mkeka, Anselm kwenye kigoda, na kati yao kulikuwa na kiti kitupu cha kamba ambacho jirani alikiacha alipokuja kuazima jembe. Watu walikuwa wakipita barabarani kutoka kazini. Kulikuwa kwema.

Anselm aliweka kisu chini.

"Mama Adriano," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Nikuulize kitu, nisikuulize tena. Yale uliyosema siku ile. Yote yalikuwa ya kumfukuza yule tu, sivyo?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Marcelina aliyatazama, na kile ambacho hakukiona moyoni siku ile kikamjaa chote kwa mara moja, mpaka kooni. Alijua jibu lake. Alijua sehemu ipi ilikuwa kweli zamani na imekwisha, na alitaka kumwambia hivyo, na kuuchukua uso wake kwa mikono yake yenye wanga wa viazi. Akafungua mdomo.

Kamba za kile kiti kitupu zilikuwa zimebonyea katikati, zimekaza, kama zinavyokaza mtu akikaa na kujiinamisha mbele ili asikie vizuri.

"Yalikuwa kweli," alisema Marcelina.

"Yote?"

"Yote. Na mengine nimeyabakiza."

Anselm aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea chenji yake bila kuihesabu. Aliangalia pembeni kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kamba za kiti zikalegea moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayeinuka akiwa ameridhika. Anselm aliokota kisu, akachukua kiazi kingine, akaendelea kumenya.