Ng'ombe Waliotoka Ziwani

Pumzi ile haikuwa yake, na Paskazia alilijua hilo mapema kuliko alivyotaka kukubali. Msomaji wa vitabu vya sauti anaijua pumzi yake kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe, maana nusu ya kazi ni kuivuta pale ambapo maiki haitaisikia. Sasa kwenye hedifoni, katikati ya sentensi mbili alizozisoma mwenyewe, kulikuwa na mtu anavuta hewa, taratibu, anavuta tu, mpaka unatamani aitoe upumzike na wewe.

"Collins," aliita. "Hii ni nini?"

Collins Otuoma, fundi sauti na mchumba wake, alisogeza kiti, akasikiliza, akacheka. "Upepo wa kwenye mawe. Acha hivyo hivyo, tamu."

Tamu. Haya.

Tuseme ukweli kuhusu kitabu chenyewe, kwa sababu hata waliokirekodi hawakukipenda. Kiliitwa *Mpenzi Mwenye Magamba*. Binti anapendwa na joka la ziwani, joka linaua wanaume wa kijiji kwa wivu, halafu linaleta mahari. Kwenye jalada damu inachuruzika; ndani, joka linaomba msamaha sura nzima. Waliokipakua kwenye simu walilalamika mpaka ikawa aibu. Mmoja aliandika kwamba joka linaongea kama mhasibu wa ushirika wa pamba. Mwingine alisema alilala sura ya tatu, akaamka sura ya tisa, na hakuona alichopitwa. Paskazia aliyasoma maoni yote akiwa jikoni, na yalimuuma, maana sauti ya joka ilikuwa yake.

Ndipo Collins akapata wazo. Warudie sura ya mahari, tena si kwenye chumba chao cha Mkolani kilichozibwa kwa magodoro ukutani, bali kwenye mawe ya ufukweni upande wa Nyegezi, pale ambapo miamba imeegemeana ikaacha uwazi, na maji yanapita chini yake. Sauti ikiingia mle inarudi imenenepa. Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa karibu waliwaambia kwamba mle watu huweka unga na kuondoka kimya. Collins, Mjaluo wa Rorya asiyeamini kitu kisicho na waya, aliuruka ule unga akatega maiki.

Sasa sikiliza kosa lilivyofanyika. Kwa wazee wa Paskazia, ng'ombe wa mahari wakifika uwanjani hawapokelewi hivi hivi. Binti anaitwa mbele ya watu, na baba yake anamuuliza, tuwapokee? Asipojibu, wanarudi walikotoka. Akisema wapokeeni, basi, huyo ameshaolewa, yaliyobaki ni pilau na ngoma. Neno hilo halichezewi. Hata vitoto vikicheza harusi nyuma ya nyumba vikalitamka, vinachapwa. Mwandishi wa kitabu alikuwa ameliweka. Na Paskazia, binti wa mzee Malimi wa Busisi, aliyekua akilijua hilo, alilisoma mle ndani ya mawe jua likiwa utosini, tena na tena, kwa sababu kila alipomaliza Collins alitikisa kichwa.

"Wapokeeni, baba."

"Bado. Liseme kama unamtaka kweli."

"Wapokeeni, baba."

"Bado."

Mara ya mwisho alilisema amefumba macho, na akalimaanisha, maana alikuwa anamfikiria Collins mwenyewe, ambaye mwaka wa tatu huu alikuwa bado anajipanga kupeleka angalau mbuzi kwa Malimi.

Sura mpya ilipotoka, wale wale waliobeza waligeuka. Joka sasa linatisha, waliandika. Nani huyo mwanaume aliyelisoma? Paskazia hakuwajibu. Alikuwa amesikiliza tena, na sauti ya joka haikuwa yake hata kidogo. Siku hizo hizo chumba cha kurekodia kikaanza kunuka tope la ziwa, maziwa mabichi, na ngozi ya nyoka iliyovuliwa juzi. Waliyatoa magodoro yakaanikwa juani. Yalirudi na harufu yake.

Kisha baba yake akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyo kijana wako kumbe mwanaume. Mbona hamkuniarifu?"

"Kuhusu nini?"

"Si hawa ng'ombe. Wameingia uwanjani wenyewe, weupe watupu, wamelowa mpaka pembe. Nimetangaza kwa mwenyekiti wa kijiji, hakuna aliyejitokeza. Nikasema basi, ndiyo taratibu zao Wajaluo, wamevusha kwa mtumbwi wakaogopa kunisalimia." Mzee alicheka kwa furaha ya kweli. "Nimewapokea. Mmoja tumeshamla. Nyama laini, ila ina harufu ya samaki kidogo."

Paskazia alishusha simu. "Umepeleka ng'ombe kwa baba?"

"Ng'ombe gani tena? Si nilikwambia mpaka..." Collins aliuona uso wake, akasimama.

"Ifute ile sura. Sasa hivi."

"Pasi, hiyo ndiyo sura pekee waliyoipenda."

Waligombana pale hadi majirani wakafunga madirisha. Mwishowe Collins, kwa hasira na kwa kutaka kumtuliza, alisema ataingia mwenyewe chumbani amsomee maneno ya hilo joka mbele ya macho yake, aone kama kuna kitu. Akaingia, akafunga mlango, akavaa hedifoni. Paskazia alibaki nje ya kioo, kwenye meza ya spika.

"Huyu ni mke wangu," Collins alisoma, akimkonyeza.

Spika zikajibu, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. "Umemlipia nini?"

Collins aligeuka kutazama nyuma yake, na hapo shati lake likaanza kukunjamana, kwanza kiunoni, kisha tumboni, kisha kifuani, mkunjo juu ya mkunjo kama kuna kamba nene isiyoonekana inamzunguka kutoka chini kwenda juu, na miguu yake ikaachana na sakafu, na Paskazia akausikia mkono wa kushoto ukivunjika ndani ya spika mbili kubwa alizozifuta vumbi asubuhi ile, ukavunjika tena juu ya ule mvunjiko, zikafuata mbavu, moja moja, bila pupa, na kinywa cha Collins kikiwa wazi bila sauti kwa sababu hewa yote ilikuwa imeshakamuliwa, na damu ikitoka masikioni ikishuka kwenye nyaya za hedifoni mpaka mezani. Paskazia alikipiga kioo kwa kigoda. Alikipiga tena mpaka kikapasuka, akajipenyeza kwenye vipande vya kioo vilivyomchana mapaja, akamshika Collins miguu, akalia kwa sauti yake yote, "Mwachie, nakuja, mwachie."

Collins alianguka. Magodoro ukutani yalikuwa yanachuruzika maji.

Shangazi Bernadeta aliwakuta hospitali. Ni dada wa Malimi, rozari shingoni, lakini marehemu mumewe alikuwa mgoyangi, wale wanaocheza na nyoka na kuwatibu walioumwa, na dawa zake hakuzikwa nazo. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akauliza kwa sauti ya chini.

"Neno ulilisema?"

"Nililisema, shangazi."

"Na kaka yangu akala."

"Akala."

Mama yule alijifuta uso kwa kanga. "Basi huyo ni mume wako. Jini la namna hii huwezi kulifukuza kwa fujo, halijavunja sheria yoyote. Linarudishiwa mali yake. Wote waliopo, na kwa yule aliyeliwa, mwingine. Halafu unakataa kwa mdomo ule ule."

Collins alisema kitu kwenye bandeji. Waliinama kumsikia. "Fahali wetu yupo Rorya. Nilikuwa namnenepesha. Alikuwa wa mzee Malimi."

Paskazia alimpenda siku hiyo kuliko siku zote, na alimwambia.

Fahali aliletwa kwa lori. Walisimama ufukweni Busisi asubuhi ya jua kali, ng'ombe weupe mbele, bado wamelowa ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kitambo. Shangazi alitafuna dawa akawapulizia migongoni. Malimi, aliyekonda ghafla, akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, tuwapokee?"

"Warudisheni, baba."

Ng'ombe wakaingia majini kwa mstari, bila kutibua tope, shingo, pembe, kimya. Fahali wa Rorya aligoma. Alichimba kwato mchangani akalia, na Malimi akamsukuma kwa kiganja kwenye paja, kiganja kile kile kilichowapokea wale wengine. Maji yakafunguka. Hakuna aliyeona mwili mzima wa kile kilichotoka, waliona magamba meusi mapana kama sinia na mdomo uliomchukua fahali kiunoni ukamkata kama mtu anavyokata muwa, utumbo ukamwagika, damu ikawanyeshea wote pale ufukweni hadi kwenye nywele na vinywani, na maji yalipojifunga Malimi alikuwa amepiga magoti, anautazama mkono wake wa kulia, ambao uliishia kwenye kifundo.

"Kimechukua kilichokula," alisema Bernadeta, akimfunga kidonda kwa kanga yake. "Kimeondoka."

Na kweli, kiliondoka. Harufu ilikwisha Mkolani. Collins aliifuta ile sura kwenye kompyuta, akaiondoa mtandaoni, akaivunja hata kadi ya kinasa sauti walichokwenda nacho kwenye mawe. Mbavu ziliunga. Mjomba wake wa Rorya, baada ya kunung'unika sana, alikubali kutoa ng'ombe wengine, na siku ya kuwapokea ikapangwa. Paskazia akaanza kucheka tena, akanenepa kidogo, akaenda Nyakato kupimwa gauni.

Fundi alikuwa msichana mwenye maneno mengi, Winnie, anayeshonea wafanyakazi wa viwandani. Alikuwa na pini mdomoni na simu juu ya cherehani, inaongea peke yake. Paskazia alikuwa ameinua mikono apimwe kifua alipoisikia sauti yake mwenyewe ikitoka pale.

*Wapokeeni, baba.*

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kitabu cha joka, dada. Mtandaoni wamekiondoa, lakini sisi tunatumiana. Kiwanda kizima wanacho." Winnie alitoa pini mdomoni. "Mwanzo kinaboa. Hapa sasa ndipo patamu, mimi nimerudia mpaka basi."

Simu ya Paskazia ikaita. Ilikuwa Busisi.

"Sijawapokea," baba yake alinong'ona, bila hata kungoja salamu. "Nakuapia mwanangu, sijawapokea, hata mkono wa kupokelea sina. Lakini uwanja umejaa, wanafika mpaka barabarani, na wengine bado wanatoka majini. Na safari hii wamekuja na mwenyewe. Amekaa kwenye kigoda changu, nguo zinachuruzika. Ana adabu. Anasema umemwita kutwa nzima, na jana, na juzi. Anauliza unarudi saa ngapi."

Nyuma ya baba yake, ndani ya simu, Paskazia aliisikia ile pumzi ikivutwa, taratibu, inavutwa tu. Kisha, kwa mara ya kwanza, ikatoka, na ilitoka na jina lake.