Sangwa na Mzee wa Sanduku

Siku za Ijumaa Gwiza hakuhitaji kuamshwa. Alikunywa uji wake wima, akampita mlinzi wa jirani bila kumaliza salamu, akaishuka barabara ya Kiyovu, jijini Kigali, huku mkoba ukimgonga mgongoni. Shangazi yake Winifred, ambaye alikuwa akiishi naye, alimpigia kelele kutoka dirishani, "Gwiza! Shule haina miguu, haitakukimbia!" Lakini nani wa kumsikiliza? Ijumaa ilikuwa siku ya filamu.

Jambo hilo lilianzishwa na Mwalimu Cyprian, aliyetoka Bukoba kuja kuwafundisha Kiswahili. Aliona watoto wake wakiogopa kufungua mdomo darasani, lakini wakitoka nje wanasimuliana filamu kwa Kinyarwanda hadi koo zinawakauka. Akawaambia, "Hizo filamu zenu zileteni humu ndani, ila kwa Kiswahili." Tangu hapo, kila Ijumaa mwanafunzi mmoja alisimama mbele, akasimulia filamu aliyoiona, akasema imempendeza wapi, imemchosha wapi, na kwa nini. Mwisho wa muhula darasa lingemtoa mmoja wa kuzungumza ukumbini mbele ya wazazi wote.

Na kila mtu alijua huyo mmoja ni nani. Ni Sangwa.

Sangwa alikuwa mvulana mwembamba wa mtaa wa Biryogo, mtoto wa fundi cherehani. Kwao Kiswahili kilisemwa dukani, msikitini na uchochoroni, kwa hiyo hakikumpa shida. Akisimulia, hata Mugenzi wa Nyarutarama, ambaye kwao kuna runinga kubwa kama mlango, aliacha kuchorachora dawati akasikiliza.

Ijumaa hiyo Sangwa alisimama, akakohoa kidogo, akaanza.

"Jamani, vichekesho vya siku hizi vinanichosha. Mtu anaanguka, anaamka, anaanguka tena. Ukishamwona mmoja ameteleza, umewaona wote. Mimi napenda kichekesho ambacho anayechekesha mwenyewe hacheki. Kama hiki cha mzee wa sanduku."

Gwiza akainua kichwa.

"Kuna mzee ana kofia na sanduku la kahawia. Anapanda treni ya manjano, anafika mjini, anaanza kugonga milango. Mnajua anatafuta nini? Mke! Na uzee wote ule! Anavua kofia, anainama kwa adabu, mlango pah! Anakwenda wa pili, anavua kofia, pah! Nilicheka hadi mbavu zikaniuma."

Darasa zima lilicheka. Gwiza peke yake hakucheka. Alihisi masikio yakimwaka moto. Filamu hiyo aliijua. Aliiona likizo iliyopita na shangazi yake, katika ukumbi wa sinema wenye viti laini, maneno yakipita kwa Kiingereza chini ya picha. Mzee yule hakuwa akitafuta mke. Alikuwa akimtafuta mwanawe aliyepotelea mjini. Milango ile ilipofungwa mmoja baada ya mwingine, Gwiza alilia hadi akailowesha skafu ya shangazi. Baba yake mwenyewe alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na tangu siku hiyo alikuwa akijiuliza: je, nikipotea mimi, baba atakuja kunigongea milango hivyo?

Na sasa huyu anacheka.

Akasimama bila kuruhusiwa. "Mwalimu, Sangwa anadanganya! Hiyo filamu hajaiona. Ameona tangazo lake barabarani, mengine akajitungia."

"Nimeiona," Sangwa akasema.

"Umeiona wapi?"

"Kwetu. Biryogo."

"Biryogo kuna sinema?"

Mugenzi akadakia kutoka nyuma, "Sha, ameiona kwenye cherehani ya mama yake! Trrrrr!" Akazungusha mkono kama anayeshona.

Darasa likaangua kicheko, na safari hii halikumcheka mzee wa sanduku. Sangwa alifungua mdomo, akaufunga, akarudi kukaa. Gwiza alimtazama kwa jicho la pembeni. Mwenye ukweli angejitetea, aliwaza. Huyu amenyamaza. Tayari nimemkamata.

Mwalimu Cyprian aligonga meza. "Basi! Sangwa, kama umetutungia uongo, ukumbini hutakwenda. Na wewe Gwiza, umemwita mwenzako mwongo mbele za watu. Hilo nalo si neno la kutupa ukaondoka. Ijumaa ijayo nataka ukweli hapa, kutoka kwenu wote wawili."

Wiki ile Gwiza hakuwa na raha. Alizipitia kichwani filamu zote alizowahi kusimulia Sangwa, na kila aliyoigusa ilikuwa na walakini. Ile ya daktari anayelia kwenye mvua, Sangwa si alisema daktari analilia viatu vyake vipya? Ile ya bibi harusi aliyekimbia kanisani, si alisema amesahau sufuria motoni? Kumbe! Labda hajawahi kuona hata moja.

Akaamua kumtegea. Alimwita rafiki yake Mukunde kando ya bomba la maji, akamnong'oneza, "Nitamtajia filamu ambayo haipo. Akisema ameiona, kwisha kazi yake." Kisha akamfuata Sangwa uwanjani, akajifanya amesahau ugomvi.

"Sangwa, umeiona ile ya Mbuzi wa Waziri?"

Sangwa alifikiri kidogo. "Hapana. Hiyo sijaiona. Ni nzuri?"

Gwiza hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Alitakiwa kufurahi kwamba mwenzake amesema kweli, lakini shaka ikishaingia kichwani hula chochote inachopewa. Ameonywa, aliwaza. Na nani amemwonya? Mukunde, hakuna mwingine!

"Wewe umemwambia," alimshambulia Mukunde.

"Mimi? Gwiza, sijaachana nawe hata dakika moja!"

"Basi umemkonyeza."

Mukunde alimkazia macho yaliyoanza kulengwa na machozi. "Kesho utasema na lile bomba limemwambia," akajibu, akaondoka zake. Kesho yake alikwenda kukaa dawati jingine.

Jioni hiyo Gwiza alimweleza shangazi yote, akitegemea kusifiwa. Shangazi Winifred alikuwa akimenya ndizi jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kikienda polepole.

"Kwao umekwenda?"

"Hapana, shangazi."

"Umemwuliza vizuri?"

"Nilimwuliza, hakujibu."

"Ulimwuliza darasa zima likimcheka. Hata mimi, mtu mzima, nisingejibu." Akaitumbukiza ndizi katika maji. "Sikiliza, mwanangu. Alhamisi ukitoka shule, nina kitenge cha kushonesha. Nitakipeleka Biryogo kwa mama wa huyo mtoto, na wewe utanibebea."

Alhamisi baada ya shule wakateremka Biryogo. Katika vichochoro vile vyembamba, Gwiza alikuwa akikagua paa moja baada ya jingine kama askari, akitafuta antena. Duka la mama yake Sangwa, Mama Uwamahoro, lilikuwa na upana wa kitanda. Cherehani zilipangwa ukutani, wanawake wakishona na kusengenyana. Sangwa mwenyewe alikuwa kwenye kona akipiga nguo pasi ya mkaa. Alipomwona Gwiza, uso ulimshuka.

"Mama, huyu ni Gwiza. Tunasoma pamoja," alisema kwa sauti ndogo.

Mama Uwamahoro aliacha cherehani, akafurahi kweli. "Karibu, mwana wangu! Mwenzake na Sangwa? Ingia, ingia, kiti iko hapo. Shangazi, karibu. Mutakunywa chai?"

Gwiza akaelewa kwamba Sangwa hakuwa amemweleza mama yake lolote. Aibu ikamchoma kidogo, lakini shaka ikaizidi nguvu: mbona hakusema, kama hana la kuficha? Akajikaza.

"Mama, eti hapa mnayo filamu ya mzee wa sanduku?"

Kabla mama hajajibu, wanawake wote walipiga makofi. "Ayi we! Ile! Sangwa, tuwekee! Mzee wetu wa kuoa!"

Hapo ndipo Gwiza alipoiona runinga. Ilikuwa kwenye rafu iliyo juu ya cherehani ya mama, imebanwa katikati ya majora ya vitambaa. Sangwa alipanda kigoda akaiwasha bila kumtazama mtu. Ikatokea treni ya manjano. Ikatokea kofia. Likatokea sanduku la kahawia. Filamu ilikuwa ile ile.

Lakini sauti haikuwa ile. Mtu mmoja alikuwa akisema kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji wote, mzee, wanawake, hata treni. Alikuwa mfasiri, mmoja wa wale wanaozitafsiri filamu za nje ili kila mtu azifuate. Kigali watu huziita agasobanuye. Na mfasiri huyu hakutafsiri tu. Alijipikia vyake. Mzee alipovua kofia mlangoni, sauti ilisema, "Habari mama, nasikia una binti anayejua kupika isombe!" Mlango pah! "Basi, hata asiyejua!" Pah!

Wanawake walicheka mpaka nyuzi zikakatika. Shangazi Winifred alishika tumbo. Gwiza aliuma midomo, akajizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. Milango ile ile iliyomliza, sasa ilimchekesha. Alimgeukia Sangwa.

"Mbona hukusema kwamba imetafsiriwa?"

"Mugenzi alisema nimeiona kwenye cherehani," Sangwa akajibu, macho chini. "Nawe unaona mwenyewe runinga iko wapi. Ningesemaje? Tena agasobanuye mnaziita filamu za washamba."

Gwiza alikumbuka mazungumzo yao ya darasani. Ni kweli, walikuwa wakiziita hivyo. Yeye pia.

Filamu ikafika mwisho. Mlango wa mwisho ukafunguliwa na kijana. Mzee akaliangusha sanduku, akamkumbatia, akalia. Mfasiri akapiga kelele, "Maskini! Binti ameolewa jana!" Wanawake wakacheka tena. Sangwa hakucheka.

"Hapa huwa sipaelewi," alimwambia Gwiza taratibu. "Mtu akikosa mke anamkumbatia shemeji namna hii? Nilishuku kwamba kuna kitu. Lakini darasani nilipaacha, kwa sababu kichekesho changu kingeharibika."

"Ni mwanawe," Gwiza akasema.

"Nani?"

"Huyo kijana. Alipotea. Mzee alikuwa anamtafuta yeye, milango yote ile."

Cherehani moja ilinyamaza, kisha nyingine. Mama Uwamahoro akasema, "Sangwa, rudisha nyuma. Na sauti uizime."

Wakaitazama tena sehemu ile, bila mfasiri, Gwiza akiwaeleza kwa sauti ya chini nani amesema nini. Mzee alivua kofia, mlango ukafungwa, na safari hii hakuna aliyecheka. Mlango wa mwisho ulipofunguliwa, Mama Uwamahoro alichukua kipande cha kitenge cha wateja, akajifuta macho.

"Yewe, mtoto huyu ametuharibia filamu yetu ya kucheka," mwanamke mmoja alilalamika, pua imejaa.

"Hajaharibu," Mama Uwamahoro akasema. "Sasa tuko na mbili."

Ijumaa ilipofika, Gwiza alisimama kabla Sangwa hajaitwa. "Mwalimu, Sangwa aliiona filamu. Nimekwenda mwenyewe kwao. Aliiona ikiwa imetafsiriwa, na mfasiri aliigeuza ikawa ya kuchekesha. Nilimwita mwongo, na mwongo hakuwa. Naomba anisamehe." Akageukia dawati la Mukunde. "Na Mukunde pia. Hakumkonyeza mtu."

Mukunde alichukua mkoba wake, akarudi kwenye dawati la zamani kama mtu aliyekwenda dukani mara moja tu.

Sangwa akasimama. "Na mimi ningesema tangu mwanzo. Niliiona kwenye duka la mama, juu ya cherehani, kama alivyosema Mugenzi." Mugenzi alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza. "Na mwisho wake nilikuwa na mashaka nao, nikauficha ili mcheke. Filamu ile ni nzuri kuliko nilivyoisimulia."

Mwalimu Cyprian alifunga daftari lake. Alikwenda mbele, akaegemea ubao.

"Wanangu, kushuku si kosa. Gwiza alishuku, na kweli palikuwa na kitu. Sangwa alishuku, na kweli palikuwa na kitu. Kosa ni pale mlipoishia. Gwiza, shaka yako uliifanya hukumu kabla hujakwenda kuuliza. Sangwa, yako uliifunika ili watu wafurahi. Shaka ni ya kupelekwa penye jibu. Iulize kwa heshima, nenda ukaone kwa macho yako, kisha sema yote uliyoyaona, pamoja na yale usiyoyaelewa. Mtu wa namna hiyo ndiye mkweli, na rafiki zake watabaki naye." Akatazama darasa. "Haya, ukumbini anakwenda nani?"

"Sangwa!" darasa likaitikia.

"Nitakwenda," Sangwa akasema, "ila nitasimulia zote mbili. Ya kucheka kwanza. Na ya kulia, Gwiza anifundishe vizuri kabla ya siku yenyewe."

Kabla kengele haijalia, Mugenzi alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nimeona filamu, simba anaendesha gari hadi sokoni, ananunua nyanya!"

"Mwongo!" wakapiga kelele wote.

Wote isipokuwa Gwiza. Aligeuka akamtazama Mugenzi kwa jicho lile lile la kushuku. "Umeiona wapi," aliuliza kwa upole, "na nani alikuwa anaifasiri? Tunaweza kuja kuiona?"