Gari Lisilorudisha Mgonjwa

"Wewe ni fundi wa kushona magunia! Gauni moja, mkono mmoja unapita, wa pili haupiti! Ulishona huku umelala?"

Gauni la kijani lilirushwa, likatua usoni mwa mshonaji.

Aliyelirusha ni Bi Moto, mama mwenye nyumba. Jina hilo alipewa na wapangaji, na hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Uani palishajaa. Waliokuwa wakifua waliacha kufua. Ugomvi wa bure, nani aukose?

"Mama, mikono yote miwili nimeikata pamoja, kitambaa kimekunjwa," mshonaji alijibu. "Haiwezi kupishana hata unyuzi."

"Ahaa! Basi mkono wa mkwe wangu ndio mwongo?"

Kicheko kikapasuka uani.

Mkwe mwenyewe, Mpole, alikuwa ameegemea mlango. Hakucheka. Midomo ilimkauka na pumzi ilimtoka kwa vipande. Tumbo lilimjaa mbele ya kanga. Akina mama walishaliona, wakaanza kuhesabiana majina ya mtoto.

Mshonaji hakulitazama tumbo.

Alitazama mkono wa kushoto.

Ulikuwa umevimba kuanzia begani mpaka vidoleni. Pete ilizama katika nyama.

"Njoo nikupime upya," alisema. "Ndani."

"Pima na akili zako!" Bi Moto alimsindikiza kwa sauti.

Mshonaji alifunga mlango. Wapangaji walimwita Fundi. Ofisini kwao aliitwa Nyigu, na kwa miezi mitatu alikuwa ameshona mashati ya watu huku akisubiri kosa moja tu la mtu mmoja.

Alizungusha futi kwenye mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Wa kushoto ulizidi mbali.

"Unachomwa sindano za uzazi?"

Mpole aliangalia chini. "Usimwambie mama. Anajua nina mimba. Nimemwacha ajue hivyo. Miaka sita ananiita mti usiozaa, Fundi. Sita!"

"Kliniki ya nani?"

"Ya yule daktari mgeni asiyevua glavu. Walinivuna mayai, wakasema wamepata mawili tu. Tangu hapo tumbo linajaa maji. Jana walinitoa damu. Leo wamepiga simu, damu haiko sawa, wanatuma gari linichukue."

"Linakuja saa ngapi?"

King'ora kikajibu kutoka barabarani.

Nyigu aliinamia cherehani yake ya Singer, akabonyeza kitufe chini ya meza.

"Mzinga, Nyigu hapa. Gari linakuja kwangu."

"Safi sana," sauti ya mkuu wake ilikwaruza. "Liache lije, liondoke. Lifuate mpaka uwanja wa ndege. Tunautaka mtungi wa mayai."

"Kuna mwanamke."

"Wanawake wapo siku zote."

"Huyu ana donge la damu mkononi. Akiingia kwenye gari lile harudi."

Mzinga alijua hilo kuliko mtu yeyote. Daktari Glavu aliwachoma wanawake sindano za magendo, kipimo mara mbili ya kile mwili unachohimili. Aliwavuna mayai kwa makumi, akawaambia amepata mawili, mengine akayauza ng'ambo. Wengine walivimba, na damu yao ikawa nzito kama uji. Damu ikiganda na kuyeyuka mwilini huacha mabaki, na kipimo cha mabaki hayo huitwa D-dimer. Daktari wa haki akiona D-dimer imepanda, humtafutia mgonjwa donge na kumtibu.

Glavu akiona imepanda, hutuma gari kabla mgonjwa hajafika hospitali nyingine.

Wawili walishachukuliwa. Miili iliokotwa mtaroni, mapafu yamezibwa na damu iliyoganda.

"Nyigu, hiyo ni amri. Fuata gari. Usiingie."

Alizima redio. Bastola yake, Glock, ilikuwa imefungiwa ndani kabisa ya cherehani, na kuitoa kungemchukua muda ambao hakuwa nao. Alichukua mkasi. Futi akaivaa shingoni. "Tutapanda wote," alimwambia Mpole, aliyekuwa amesikia kila neno.

Gari lilikuwa limesimama langoni. Toyota nyeupe, mistari miekundu. Glavu alishuka mwenyewe. Mrefu, safi, anatabasamu kama muuza majeneza.

"Mgonjwa wetu yuko wapi? Ndugu hawaruhusiwi kupanda."

"Mimi ni wifi yake," Nyigu alisema.

"Wifi?" Bi Moto alidakia. "Wifi tangu lini? Mimi nimezaa mtoto mmoja tu, tena wa kiume! Huyu mpangaji, na kodi ananichelewesha!"

Akina mama wakasogea karibu.

Macho ya Glavu yalimgeukia Nyigu taratibu.

"Ni wifi yangu," Mpole alisema. Aliupenyeza mkono wake wa kulia kwenye kwapa la mshonaji, akang'ang'ania. "Wa kuchagua. Bila yeye sipandi. Na nikianguka hapa, daktari, majirani wote hawa watanibeba hospitali kuu."

Glavu aliwahesabu majirani. Walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja mwenye haya.

"Pandeni."

Milango ikafungwa.

Ndani palinuka dawa ya kusafishia sakafu. Mpole alilazwa. Kwenye kona ulisimama mtungi wa chuma, umefungwa mkanda, mvuke mweupe ukitambaa chini ya kifuniko. Baridi yake ilimfikia Nyigu magotini.

Kumbe mtungi na mgonjwa vilisafiri pamoja. Nani hupekua gari la wagonjwa?

Glavu alivuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Dawa gani hiyo, daktari?"

"Ya kupumzika."

"Mwenzangu hapumui vizuri. Apumzike mara ngapi?"

Tabasamu likakatika, macho yakatua kwenye futi. "Wewe si mshonaji."

"Nashona. Uliza mtaa mzima."

Glavu alichomoa bastola chini ya koti. Beretta, fupi, nyeusi.

Nyigu hakuirukia.

Alikata mkanda wa mtungi.

Gari lilikuwa likikata kona. Mtungi uliyumba, ukainama, kifuniko kikaruka. Mvuke ukafurika sakafuni.

Mtu mwingine angefyatua risasi. Glavu aliona mamilioni yakimwagika. Aliitupa bastola, akaukumbatia mtungi kwa mikono yote miwili.

Kimiminika cha baridi kali, cha kugandishia mayai, kilimrukia viganjani. Glavu zake zikakauka zikawa ngumu kama magamba. Alipiga yowe, lakini hakuachia.

"Shikilia vizuri, daktari. Hizo ni mali za watu."

Futi ilimzunguka shingoni. Sindano yake mwenyewe ikamwingia begani. Alilegea taratibu, na Nyigu akausimamisha mtungi, akaufunika kabla haujapoteza zaidi.

Aliokota Beretta, akaipitisha kwenye kidirisha cha dereva.

"Hospitali kuu. Kata kushoto."

"Bosi?" dereva aliita.

"Bosi amelala. Nawe una usingizi?"

Gari lilikata kushoto.

Nyigu aliwasha redio ndogo iliyoshonwa kwenye kola.

"Uko wapi, mkaidi wewe?" Mzinga alifoka. "Ndege imewasha injini!"

"Mtungi ninao. Daktari ninaye. Mgonjwa ninaye."

"Na rubani?"

"Mkamateni nyie. Mshahara mnalipwa wa nini?"

Hospitalini, daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mkali, hana muda wa hadithi. Alisikiliza sentensi mbili tu.

"Damu, sasa hivi. D-dimer peke yake hainitoshi, hupanda kwa mambo mengi. Nataka na picha ya mshipa." Picha ilipotokea, aliikazia macho skrini. "Hilo hapo. Donge, chini ya mfupa wa bega. Lingesogea mpaka mapafuni tungekuwa tunaongea lugha nyingine. Leteni sindano ya kuzuia damu kuganda!"

Mpole alimshika Nyigu kidole. "Nitakufa?"

"Ukifa, Bi Moto atanidai mkwe juu ya kodi. Usinifanyie hivyo."

Rubani alikamatwa akiwa anashuka ngazi za ndege. Kliniki ikafungwa kufuli. Mzinga alimwita Nyigu mtovu wa nidhamu, akampa safari nyingine.

Kabla ya kuondoka, Nyigu alipita wodini kuangalia kwa mlangoni tu. Miwani myeusi, mkoba mmoja. Mkono wa Mpole ulikuwa umepungua. Kifua kilipanda na kushuka bila haraka. Ilitosha. Akageuka.

"Wewe!"

Bi Moto alikuwa kwenye benchi la korido, bakuli la chakula cha moto mapajani. Macho yamevimba kwa kulia, lakini mdomo ni ule ule.

"Mnafiki mkubwa! Miezi mitatu unakaa kwangu unanidanganya! Na huyu naye, amenificha maradhi kama mimi ni simba!"

"Ulimwita mti usiozaa, mama."

Bi Moto alifungua mdomo. Akaufumba. Nyigu hakuwahi kuuona ukifumba.

"Najua nilivyomwita," alisema hatimaye. "Unakwenda wapi?"

"Kazini. Gari linaningoja."

"Lingoje. Tangu alazwe hajatia kitu mdomoni. Leo ndiyo kwanza amesema ana njaa, na anasema hali mpaka wifi yake aketi." Alisimama, akausukuma mlango kwa kiwiko. "Sasa unasimama hapo kama nguzo unangoja nini? Vua hiyo miwani, nawa mikono, ingia ule."