Jani Lenye Unga wa Muhogo

Kila alasiri, masomo yakiisha, Sabra alibaki katika chumba cha kompyuta cha shule yao ya Likombe. Upepo uliingia na harufu ya maua ya mikorosho, naye akajiona anaelea juu ya mashamba, majani yakimnong'oneza lipi zima na lipi linaumwa.

Yeye na Faraja, mwanafunzi mwenzake, walikuwa wakiifundisha kompyuta kutambua ubwiri unga, ugonjwa unaofunika majani machanga ya mikorosho kwa ukungu mweupe. Waliionyesha picha, kisha wakairekebisha kwa maelekezo mafupi waliyoyaandika wenyewe, wakibadili jambo moja moja. Kazi ilichosha.

"Tutumie hii," Faraja alisema, akifungua programu aliyoipakua mtandaoni. "Inarekebisha kila kitu yenyewe."

Kwenye skrini, visanduku vya rangi viliwaka kimoja baada ya kingine kama vimulimuli. Sabra aliduwaa kama aliye ndotoni. Matokeo yakaja mazuri ajabu.

Siku hiyohiyo mama yake alipita shuleni akitoka kuchekecha unga wa muhogo, mkononi ana jani la mkorosho lenye weupe, akitaka kujua kama linaumwa. Sabra akalipiga picha. Kompyuta ikajibu: ubwiri unga.

"Basi nikanunue dawa ya salfa nipulizie shamba zima," mama alisema kwa unyonge.

Sabra alilishika jani, akalifuta kwa kidole. Weupe ukatoka wote. Ulikuwa unga wa muhogo tu!

"Mama, usinunue kwanza. Kompyuta imekosea."

Mama alipoondoka, Sabra aliuliza, "Faraja, ile programu ilibadili nini?"

"Sijui. Tunyamaze tu, wakulima wanakuja kesho kutwa kupimiwa majani yao."

"Na wakipulizia dawa mikorosho mizima?"

Faraja akaifunga ile programu. Wakaenda pamoja kumweleza Mwalimu Theresia, naye hakuwagombeza. Walirudi kwenye maelekezo yao wenyewe, wakaongeza picha za majani yenye vumbi na unga, wakajaribu badiliko moja baada ya jingine hadi kompyuta ikatofautisha ugonjwa na unga.

Wakulima walipofika, kompyuta ilitambua ubwiri unga kwenye jani la mmoja wao, mzee Jafari, naye akauliza, "Imejuaje, mjukuu wangu?" Sabra akamweleza hatua kwa hatua, bila kubabaika.

"Programu ile si mbaya," Mwalimu Theresia aliwaambia baadaye. "Mtaitumia mkishaielewa. Lakini msimpe mtu jibu ambalo ninyi wenyewe hamjui limetoka wapi. Na mkikosea, semeni mapema, kama mlivyofanya."