Tundu la Nne

Diski ya nne haikuwepo. Kabati la chuma la kompyuta la Pankaj, muuza khanga, lenye matundu manane ya diski, lilikuwa na pengo jeusi katikati, na katika diski hiyo ndimo zilimohifadhiwa nakshi zote za khanga za msimu ujao. Kariakoo ya soko huria haina huruma: nakshi ikivuja leo, kesho jirani anaiuza kabla yako.

Fundi Vitalis, mtunza kabati hilo, alikuwa mahabusu tangu jana. Saa nane angepandishwa kizimbani katika mahakama ya Kisutu kusomewa shtaka la wizi. Inspekta Blandina hakuwahi kuziamini kesi nyepesi. Alimtoa mahabusu akamleta dukani, Mtaa wa Sikukuu, na pingu zake.

"Chumba hiki kina funguo ngapi?"

"Mbili," Pankaj alijibu. "Wangu na wake. Jumapili tulifunga, Jumatatu diski hakuna. Unataka nini tena, Inspekta?"

"Vitalis, kabati hili linaweka kumbukumbu?"

"Linaweka, afande. Ila mpaka uliulize kwa amri za kuandika."

"Asiguse mashine yangu!" Pankaj aling'aka. "Atafuta ushahidi."

"Basi ataje, niandike mimi."

Blandina akaketi mbele ya kioo cha kompyuta, akadonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayekula mtama. Akikosea, mashine ilimkatalia. Vitalis akarudia taratibu, jasho likimtoka. Mara ya tatu majibu yakashuka. Feni, nzima. Umeme, sawa. Tundu la nne, tupu: diski ilichomolewa Jumapili, saa nne na dakika kumi asubuhi.

"Ulikuwa wapi saa hiyo?"

"Nyumbani, afande. Shahidi wangu ni mke wangu tu."

Pankaj alicheka kwa dharau.

"Na namba hii inayopanda?"

"Joto la mbele ya kabati." Vitalis aliinama. "Nyuzi ishirini na saba... halafu arobaini na moja. Robo saa nzima kabla diski haijatoka. Ajabu, feni zilikuwa zinazunguka."

Mwizi gani awashe moto mbele ya kabati, kisha akae nao robo saa? Blandina alipiga magoti, akamulika kwa kurunzi. Sakafuni palikuwa na tone la samli na chembe za unga mwekundu.

"Pankaj, Jumapili ilikuwa siku gani kwenu?"

"Dasara. Sikukuu yetu Wahindu."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna. Labda mama, ana funguo za nyumba nzima kiunoni. Lakini huyo ni mama!"

Walipanda ghorofani. Katika chumba cha sala cha Bibi Hemlata, mama yake Pankaj, diski ililala kati ya mkasi na mita ya kupimia vitambaa, imepakwa unga mwekundu, imewekewa ua.

"Shikamoo, bibi. Umeichukua wewe?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi." Hakuona cha kuficha. "Dasara tunashukuru vifaa vya kazi. Marehemu mume wangu alileta hapa mkasi, mita, mihuri ya nakshi. Sasa Pankaj anasema kazi yote imo kwenye lile kabati. Nikaliwashia taa ya samli, nikaliombea. Kulibeba siwezi, nikachomoa droo moja."

"Mbona hukuirudisha?"

"Kuipachika anajua Vitalis. Pankaj akasema yuko likizo, nami nikamngoja." Ndipo akaziona pingu. "Hizi za nini?"

"Mama, una presha," Pankaj alinong'ona. "Sikutaka ujue."

"Ukamfunga mtoto wa watu? Ungeingia kusali hata mara moja tangu Jumapili, ungeiona hapa!"

Blandina alifungua pingu. Vitalis aliipangusa diski unga, akashuka nayo, akaipachika. Taa ya tundu la nne ilipepesa, kisha ikatulia kijani. Nakshi zote zilikuwemo. Pankaj aliketi juu ya robota la khanga, akashusha pumzi ndefu.

"Nisamehe, Vitalis," alisema, na aibu ilimjaa usoni.

Vitalis alimpa mkono, machozi yakimtoka. Inspekta akampa fundi simu yake.

"Benedikta," alimwambia mkewe, akicheka na kulia pamoja, "usiende Kisutu. Injika ubwabwa, nakuja kula."